Pete Niliyosema Ninayo

Mtani wangu Shufaa,

Usianze kucheka. Nimejifunza mashine yako ya kutafutia vyuma mchangani.

Ndiyo, mimi Somoe, ambaye ulikuwa huniruhusu hata kuishika, ukisema nina mikono ya kutwangia. Miaka yote tuliyokwenda pamoja ufukweni Shangani hapa Mtwara baada ya Idi, kuwatafutia watu hereni na funguo walizoangusha wakioga, kazi yangu ilikuwa kubeba lile chepe la matundu na kuchota mchanga pale uliponionyesha kwa kidole. Wewe mbele na hedifoni zako kichwani, mimi nyuma na chepe. Nilikuwa nimeridhika hivyo. Lakini umekwenda, ukaniachia kesi isiyo na wakili isipokuwa hiyo mashine.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana wewe uliondoka katikati.

Siku ile ulikuwa unamtafutia yule baba ufunguo wa pikipiki yake. Maji yalikuwa ya magoti tu. Nilikuona umeinama nikadhani umepata, nikaja na chepe langu mbio. Kumbe ni presha. Nilikuburuta hadi mchangani, mwamba wa chaza ukanichana mguu na sikusikia. Kanga yako ilibaki majini, nikakufunika ya kwangu. Ndani ya bajaji nilikushika mkono wa kushoto njia nzima hadi hospitali. Shufaa, wameniuliza sana habari za mkono huo. Wanataka niseme kama pete ilikuwepo kidoleni, na mimi nawaambia ukweli, kwamba sikukiangalia kidole. Nilikuwa nakuangalia uso.

Pete yenyewe unaijua, ile ya dhahabu ya mama yenu, uliyomwahidi binti yako Rukia aolewe nayo msimu wa korosho ukiisha.

Tulikupeleka kwenu Mpapura kukuzika, na mimi nikafanya kazi yangu. Ukoo wetu na wenu ni watani tangu mababu, na wewe mwenyewe ulishaniagiza nisije nikakaa kimya siku yako. Sikukaa kimya. Nilifunga sahani ya bati kwenye mchi, nikajitia kamba masikioni, nikatembea katikati ya wanawake pale uani kwa mwendo wako ule wa bata, nikifagia juu ya miguu ya watu. Nilipofika kwa shangazi yenu nikalia tii, tii, tii kwenye pindo anakoficha tumbaku yake. Halafu nikasimama mbele ya dada yako mkubwa, Bi. Mwanahamisi, nikasema, "Pete ya Shufaa ninayo mimi, ameniachia. Anayeitaka anilipe." Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Bi. Mwanahamisi naye alicheka, akanirushia kipande cha muhogo kuwa ndiyo malipo yangu.

Wakati huo hatukujua. Waliokuosha walisema baadaye, ulipokwisha kuzikwa, kwamba umefika kwao kidole kitupu. Wakatafuta kwenye nguo zako, wakauliza hospitali, wakapekua chumba chako hapa Chuno. Hakuna. Ndipo mtu mmoja akakumbuka kwamba kuna mwanamke alisimama mbele ya kadamnasi akasema pete anayo yeye.

Dada yako hakunitukana. Angenitukana ningejua pa kumshika. Aliniambia tu, kwa ile sauti yake ya chini, "Ntani, umesema mwenyewe, kwa ndomo wako." Akaongeza kwamba siku ya arobaini, hitima ikiisha, maalimu atasoma Halbadiri, na aliyechukua pete atapatwa popote alipo.

Utasema asiye na kosa haogopi Halbadiri. Hata mimi nilijiambia hivyo, mchana. Lakini nilikuwa nikiamka asubuhi jambo la kwanza ni kwenda kwenye kioo kutazama kama mdomo umekwenda upande. Nikijikwaa naona imeanza. Maana nilisema, Shufaa. Nilisema ninayo, tena kwa sauti, tena na mashahidi. Binadamu wenyewe waliocheka wamesahau kwamba ulikuwa utani, je, kisomo kitajua? Nilitaka kwenda kumuuliza maalimu, nikaona nikimuuliza nitakuwa nimejimaliza.

Na wanawake wa sokoni wakaanza kuniitikia salamu nusu. Hilo liliniuma kuliko hayo mengine. Rukia peke yake ndiye alikuja kwangu kama kawaida. Mashine na kanga yako vilikuwa kwangu, kwa sababu jioni ile nilirudi ufukweni nikavikuta, mashine imesukumwa na maji hadi mchangani na kanga imenasa kwenye mwamba. Rukia akavitazama, akasema, "Mama mdogo, kaa navyo. Labda pete iko hukohuko alikoangukia." Alisema kama mtu anayefikiri tu, akaenda zake. Sikulala vizuri tangu hapo.

Basi nikaiwasha.

Aibu niliyoipata na hiyo mashine nakuomba usimwambie mtu huko uliko. Siku ya kwanza niliongeza sauti na nguvu hadi mwisho, nikidhani ndivyo itakavyoona mbali. Nilipofika kwenye mchanga mbichi ilipiga kelele kama jogoo aliyeshikwa mkia, kila mahali, hadi nikazitupa hedifoni. Nilidhani imeharibika, au wewe umekasirika. Ilinichukua muda kukumbuka ulivyokuwa ukimnung'unikia yule mzamiaji wa mambo ya gesi aliyepanga chumba chako cha uani, yule aliyekuachia mashine alipohama, kwamba hakukwambia chumvi inaisumbua, kwamba maji yakianza tu lazima uipunguze nguvu. Nikaipunguza. Ikatulia.

Kisha nikawa napiga mchanga, napiga maji, naiinua mwisho wa kila mpigo kama mtu anayefyeka majani. Nikakusikia kabisa. "Fagia, Somoe. Usifyeke." Nikaanza kufagia, chini chini, polepole, njia ya pili ikipanda juu ya ya kwanza. Nilitoa misumari, vizibo vya soda, kijiko, kufuli lisilo na ufunguo. Kila kitu alichopoteza mtu wa Mtwara nilikipata, isipokuwa cha kwetu.

Sauti nilizijua kidogo kwa sababu ya ile safari ya Msimbati, kule karibu na Ruvuma inakoingia baharini, ulipoitwa kutafuta hereni ya bibi harusi. Mimi nilikuwa naangalia mamba tu. Wewe ukanivisha hedifoni kwa nguvu ukaniambia nisikilize, hiki ni chuma, na hii ndogo, nyembamba, inayofanana na ya ile karatasi ya kung'aa ya sigara, ndiyo dhahabu, usiidharau. Nilikujibu kwamba mamba naye ana sauti ndogo. Ulicheka ukakaa kwenye maji.

Sasa sikiliza kosa langu kubwa. Siku moja maji yalipokupwa mashine ikalia vizuri, sauti safi, karibu na mwamba. Nikainama nikapapasa kwa mkono, ikalia zaidi. Nikachota, ikalia. Nikatoa mkono nitazame chepe, ikanyamaza. Nikarudisha mkono, ikalia. Nilichimba shimo la kumzikia mbuzi. Nilikuwa nimeshamwona Bi. Mwanahamisi akiniomba radhi. Mpaka nikaona bangili zangu zinagongana juu ya kile kisahani cha mashine. Nilikuwa nachimba bangili zangu mwenyewe.

Nikakaa pale nikajicheka kwa uchungu. Halafu nikazivua, na kwa kuwa sina mfuko, nikazifunga kwenye pindo la kanga. Nikiwa nakaza fundo nikakukumbuka.

Kila mara kabla ya kuwasha mashine ulikuwa unanipa mgongo, unajifunga kanga upya. Nilidhani unajistiri. Shufaa, kumbe ulikuwa unavua pete.

Nilirudi nyumbani mbio, kanga imelowa, nikaitoa kanga yako nilipoiweka. Pindo moja lilikuwa limejikunja, lina mikunjo ile ya kitu kilichofungwa muda mrefu. Fundo halikuwepo, limefunguka majini. Nililia siku hiyo, ndiyo, kwa sababu ya hofu, na kwa sababu nilikuona ukifunga.

Ilibaki bamvua moja kabla ya arobaini, yale maji yanayokupwa mbali hadi pale ulipoangukia panabaki pa magoti. Yakijaa tena, ni hadi baada ya kisomo. Nikamtuma Rukia kwa mama yake mkubwa, amwambie aje Shangani aone kwa macho yake. Alikuja. Alikaa chini ya mvinje na mwavuli wake, hakuitikia salamu, akatazama baharini kama aliyekuja kungoja basi.

Mimi nikaingia. Mwamba ulionichana mguu niliujua, na kovu langu linaujua. Nikafagia kuanzia hapo kwenda nje. Sauti za misumari nikaziacha. Maji yakaanza kugeuka, nikayasikia yanasukuma kisahani. Nikafagia tena palepale, nikasogea nusu hatua, na ndani ya masikio nikasikia kitu kidogo sana, chembamba, ambacho siku ya kwanza ningekipita. Nikarudi juu yake. Kikarudi.

Nilikuwa na chepe mkononi, Shufaa, na sikuchota. Nilijua nikitoa pete mimi, dada yako atasema nimeingia nayo. Nikaukanyaga mchanga pale, nikaliacha chepe lisimame, mashine nikaitundika begani, nikamwita. Hakuinuka. Nikaita tena. Maji yalikuwa yameshapita magoti, na unajua watu wa Mpapura wanavyoiogopa bahari. Nikainua mikono yote miwili juu kama mtu aliyekamatwa, nikasimama hivyo, mbele ya watu wote wa ufukweni, nikamwambia sitaishusha mpaka aje achote mwenyewe.

Alikuja na ndala zake na gauni lake la heshima, Rukia nyuma yake. Nilimwonyesha kwa kidole cha mguu, kama ulivyokuwa unanionyesha mimi. Alichota, akachekecha, ikabaki karatasi ya sigara imekunjamana. Akaniangalia. Sijawahi kuangaliwa vile, na mikono yangu iko juu. Nikamwomba Rukia aishike mashine apitishe tena. Rukia akavaa hedifoni, akatulia, akasema, "Bado ipo."

Bi. Mwanahamisi akachota mara ya pili. Akachekecha polepole, maji yakatoka, mchanga ukatoka, akabaki anatazama ndani ya chepe. Alitazama muda mrefu. Nami sikuthubutu kusogea nione. Kisha akaingiza mkono, akafumba ngumi, akaniambia, "Pete ninayo mie, ntani. Unaitaka, lipa."

Hapo ndipo niliposhusha mikono. Nilikaa kwenye maji kama wewe Msimbati. Nikafungua pindo langu, nikatoa bangili moja nikampa. Aliivaa palepale, ngumi nyingine bado imefumbwa, akalia kwa sauti. Ndiyo mara ya kwanza nimemsikia analia tangu ufe. Tukalia wote watatu, watu wanatushangaa, na maji yanajaa.

Arobaini yako imepita. Ilisomwa hitima tu. Baada ya kula, dada yako alisimama uani akawaambia wanawake kwamba mtani hakuiba, na mimi nikamdai nauli ya kutoka Chuno, nikapewa muhogo mwingine. Bangili yangu hajairudisha, anatembea nayo. Pete iko kwa Rukia. Kila akija kwangu anaivua akishika mashine, bila kuambiwa.

Idi inakaribia, mtani. Watu wataoga, watapoteza vitu, watakuja kukuulizia wewe na watanikuta mimi. Nakuahidi nitafagia, sitafyeka. Nakuahidi harusi ya binti yako nitaicheza hadi waniombe nikae. Na kila nitakapoingia majini nitafunga pindo mafundo mawili, moja langu na moja lako ulilosahau kukaza.

Lala salama, Shufaa. Kanga yako ninayo mimi, na hili si utani. Anayeitaka, hata akilipa simpi.

Mtani wako,
Somoe