Kapeti la Elibariki na Mnafu Wangu

Jumamosi, Julai. Njiro.

Baridi ya leo ni ile inayoingia mpaka kwenye mifupa. Mlima Meru haujaonekana tangu asubuhi, mawingu yamekaa chini kabisa, na mimi nimevaa koti la mume wangu ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Linanipwaya. Sijali.

Shajara, leo nimegombana na marehemu.

Ngoja nieleze vizuri, asije mtu akapita hapa akadhani nimechanganyikiwa. Mume wangu, Elibariki, alifariki masika haya. Presha ilimwangusha ofisini, tukaenda kumzika kwao Nkoaranga kwenye mvua na tope. Kabla ya hapo alikuwa ameagiza nyasi bandia kutoka China kupitia rafiki yake mfanyabiashara. Aliziona kwenye shule moja ya kulipia hapa mjini, akarudi nyumbani kama mtu aliyeokoka. Binti yetu Neema anacheza mpira, anaupenda kweli kweli, na barabara yetu siku hizi imejaa magari. Basi baba yake akaapa kumjengea uwanja nyuma ya nyumba, kwenye haka kaua ketu ambako ukikimbia kidogo tu umeshagonga ukuta.

Tumemaliza matanga, ndipo mzigo ukafika. Makapeti ya nyasi yameviringishwa kama mikeka ya msibani. Yalikaa barazani muda mrefu, tukiyapita pembeni. Shemeji akanishauri niuze. Neema naye, kila akirudi shule nilimkuta ameketi juu yake anafanya hesabu zake. Nikamwita fundi.

Fundi Gasper anatoka Kijenge, ni mtu wa maneno machache. Wiki iliyopita yeye na wenzake waling'oa majani, wakamwaga kifusi cha moramu, wakashindilia na kuacha mteremko kidogo ili maji ya mvua yatoke. Bustani yangu ya mboga ya mnafu, iliyo chini ya ukuta, hawakuigusa. Nisingekubali. Mbegu ya mnafu ule nilitoka nayo kwetu Marangu, na Elibariki, pamoja na Umeru wake wote, alikuwa hagusi ugali bila huo mnafu.

Leo wakaanza kutandika. Wakakunjua kapeti la kwanza kutoka upande wa jikoni, likaenda, likaenda, likapita moramu, likalala juu ya mboga yangu.

Nilidhani marehemu alikosea vipimo. Hata nilicheka, na sikumbuki lini nilicheka mara ya mwisho. Halafu nikaona ule mwisho wake wenye mstari mweupe umegusa ukuta sawasawa, hakuna hata nafasi ya kupitisha kidole.

Hakukosea.

Alipima ukuta kwa ukuta. Alijua tangu mwanzo kwamba bustani yangu itaondoka, na hakuniambia. Nikakumbuka nilivyomuuliza mezani, mdomo wake umejaa huo huo mnafu: "Na bustani yangu je?" Akajibu, "Tutaongea." Kwa miaka yote niliyokaa naye, tutaongea ya Elibariki ilikuwa na maana moja: ameshaamua, anatafuta siku nzuri ya kuniambia. Ndivyo alivyonunua gari. Ndivyo alivyomleta mdogo wake kukaa nasi. Mimi nafoka, yeye ananyamaza, kisha anakuja jikoni na chupa ya soda, ananikaribisha kama mimi ndiye mgeni, mpaka nacheka.

Hasira iliyonipanda leo sijui niielezeje. Msibani sikuwa na hasira. Nililia tu, watu wakanisifu kwamba nimejikaza. Leo nilisimama uani nikasema kwa sauti, mbele ya mafundi, "We Elibariki, wewe!" Wale watu wakainamisha vichwa.

"Pole, mama," Gasper akasema. "Tunaweza kung'oa hiyo mboga, ni kazi ndogo. Au tukate kapeti. Ila tukikata, mstari wa goli unaondoka na uwanja unakuwa mfupi. Sema wewe."

"Kata."

Neema alikuwa mlangoni, viatu vyake vya mpira mkononi. Kisu kikapita, kipande chenye mstari mweupe kikatupwa pembeni. Wakapaka gundi kwenye maungio, wakamwaga mchanga laini na kuufagia uingie kwenye nyasi, jioni wakaondoka. Uwanja ni mzuri, siwezi kusema uongo. Mfupi, lakini mzuri.

Nilikuwa nachuma mboga ya usiku Neema alipokuja kuchuchumaa karibu yangu.

"Mama, baba aliniambia."

"Alikuambia nini?"

"Kwamba bustani itatoka. Alisema utanuna sana, nisiogope. Halafu atakutengenezea makasha ya mbao ya kupandia, kule mbele penye jua, na utacheka tu."

Nilimvuta kwa mikono yangu ya udongo, tukalia pale pale kwenye matuta.

Kwa hiyo nimenuna, kama alivyosema. Nimepika, tumekula kimya, nimeosha vyombo nikivigonganisha makusudi ili mtu fulani aliyeko sebuleni ajue kwamba nina jambo. Hakuna aliyekuja.

Neema ameshalala. Kesho tukitoka kanisani tutapanda Nkoaranga, nikayaseme mbele ya kaburi lake, maana hapa nayasemea ukutani.

Kapeti limekatwa. Mnafu wangu umebaki. Nimeshinda.

Haya, Elibariki, amka unibishie.