Jani la Sale

Kirua Vunjo

Mwanangu Neema,

Wengi wetu tunaotengeneza filamu za maisha ya watu hukosea jambo moja: tunawasha kamera kabla ya kuomba ruhusa. Jana nami nilikosea hivyo hivyo, na uzee huu. Mama mmoja mzee alikuwa aking'oa mibuni aliyopanda na marehemu mumewe, kwa kuwa kahawa hailipi tena. Alikuwa analia. Nikampiga picha, akanifukuza.

Leo asubuhi, ukungu ukiwa bado migombani, nimerudi na jani la sale, ambalo huku ndilo la kuombea msamaha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mzee mzima na jani mkononi!" Akacheka. "Ingia, unywe mtori."

Tulipokwisha kunywa supu hiyo ya ndizi na nyama akauliza, "Na mkeo umempiga picha?"

Nikamwambia amefariki. Nina kanda tele za watu wengine, lakini yake sina hata sauti.

Akaniongezea bakuli. "Basi mimi nipige. Wanangu wasikose."

Chumba changu hapa nyumba ya wageni kina baridi, na nakukumbuka mno. Mungu akutunze. Ukiisoma kadi hii, siku hiyo hiyo nenda kwa bibi yako mzaa mama, ule kwake, kisha umwombe akusimulie habari za binti yake.

Baba