Pipa la Bluu Nililokuletea

Mama yangu mpenzi,

Bwana asifiwe. Goti limepoa? Na mpunga, umeuvuna au ndege wamekutangulia? Mimi mwili ni mzima, ila moyo haujatulia tangu juzi. Nilipokueleza kwenye simu ulicheka, ukasema nina maneno ya mjini. Kwa hiyo naandika, na kaka Komora akusomee mpaka mwisho, asiruke neno.

Mama, ni lile pipa la bluu.

Kazi yangu huku kiwandani ni kuchanganya gundi ya plaiwudi, na dawa tunayotia inaitwa fomalini. Inachoma macho. Tulishazoea kutokwa machozi asubuhi, tukitaniana kwamba tunamlilia bosi, kisha kazi inaendelea. Glavu zikitoboka tunavaa hivyo hivyo. Juzi akaja mama mmoja wa usalama kazini, mgeni kwetu. Akatuonyesha karatasi inayobandikwa kwenye mapipa: picha ya mtu mweusi, kifuani ana kitu kama nyota iliyopasuka. Akauliza nani anajua maana yake. Akasema, "Dawa hii huleta saratani. Na pipa likiisha dawa, bado lina dawa."

Nilishtuka. Karatasi ile naijua. Niliibandua mwenyewe kwa kisu kwenye pipa lako, nikasugua kwa mafuta taa ili pipa lipendeze, ndipo nikalipakia kwenye lori linalofuata maembe Garsen. Nilijiona mtoto wa maana. Kila mafuriko mbegu zako zinaloa, nikasema sasa mama ana chombo kikavu.

Kumbe ulipomaliza kupanda ukaweka maji ya kunywa. Na hapo kijijini Hewani pipa si la mtu mmoja. Limeazimwa matangani, limeazimwa harusini. Usiku nawahesabu watu wote waliochota humo.

Nilimfuata yule mama wa usalama, nikamweleza yote. Hakunigombeza. Alisema si kila aliyekunywa ataugua, lakini msiongeze hata siku moja, na mwende zahanati mseme wazi mlikunywa kutoka pipa gani. Mchanga na majivu uliyosugulia pipa hayatoi dawa hii.

Mama, nakuomba, Komora alipasue kwa shoka leo, wewe ukiona, kwa sababu likitupwa zima mtu ataliokota. Msilichome wala msilipeleke mtoni. Walioliazima waambie, na unitaje jina. Kosa ni langu.

Nisalimie shangazi anayepika chai kanisani, mke wa Komora, na mzee wa kanisa aliyeniombea siku ya safari.

Neno moja halinitoki. Kwenye simu nilikuuliza kama maji yalinuka. Ukanijibu, "Yalinuka kidogo, mwanangu. Nikadhani ndiyo harufu ya huko uliko, nikayanywa tu."

Mama, hiyo si harufu yangu. Lipasueni.

Ni mimi mwanao,
Hiribae