Kurasa za mbele za Biblia ya Delphia

Tamsin, Bi Hulda jirani anasema Biblia ya mababu zetu Orrin na Delphia anayo yeye. Eti aliinunua mnadani Kansas.

Nimekimbia bila koti. Miaka minne nafuata nyayo zao, Ohio, Indiana, Iowa, walivyokuwa wakihama kila mavuno. Mtoto wao Elmira walimzika njiani, na mahali penyewe waliandika kwenye kurasa za mbele za Biblia hiyo tu. Nyanya anataka amwekee jiwe la kaburi kabla yeye mwenyewe hajafa.

Nafika kwake, naifungua, kurasa za mbele hazipo.

Hazipo, Tamsin.

"Nilizichana nikawashia jiko, mwanangu. Zilijaa wino wa watu, nami nilitaka kuipeleka kanisani ikiwa safi."

Wino wa watu. Huku Bi Hulda ananimiminia kahawa.

Sasa niko kwa nyanya. Ameshavaa miwani. "Haya, nisomee. Tulimwacha wapi yule mtoto?"