Jina Langu Lenye Mashini Ilikataa

Nadège, mwana wangu,

Ni mi mama yako. Naandika pole pole, unajua masomo yangu iliishia wapi.

Jumatatu nilienda ku biro ulikuwa unatumika, kule banaandikisha batoto. Nilitaka kumuandikisha Grâce, mutoto wako, kwa jina yangu, nimutoe Kasaji aje asomee hapa Kolwezi. Tata Fiston, mwenye mulikuwa munakaa naye meza moja, akafungua ordinateur, ile mashini yenu, akasoma. "Mama, dosiye ya Grâce iko tayari. Mwenye kumuchunga ni mama mukwe wa Nadège. Ni Nadège mwenyewe aliandika, kabla ya kuingia hospitali."

Yeye? Mi niliyekuzaa, niliyekuosha ku kitanda mpaka siku ulikufa, na wewe unaandika ule mama wa mihogo? Alikuwa anatuma mufuko moja ya mihogo ku treni toka Kasaji, na wewe unamusifu wiki muzima, sombe nilikupikia inapoa ku meza. Ile wivu ni ya zamani. Sikukuambiaga.

Nikasema: "Tata, toa ule, weka mi." Akaandika jina yangu. Ikatokea rangi nyekundu: namba ya karte ya uchaguzi inakosekana. Anasema ni wewe uliweka ile sheria, juu batu balikuwa banajiandikisha na batoto ya bengine. Bila karte, mashini haikubali jina ya mutu.

Halafu akafungua mahali inaonyesha kila kitu ulifanya ile siku. Jina yangu ilikuwa pale, Nadège. Ulinijaribisha mara tatu. Mara tatu ikakataa. Ndipo ukaandika ya ule mwingine.

Uliniambia tena na tena: "Mama, ile karte ilipotea, enda utafute ingine, siyo mambo ya kucheka." Na mi: kesho, kesho, foleni ni murefu. Nisamehe.

Tata Fiston alinihurumia. "Mama, tuweke sifuri tu pa namba ya karte, itakubali." Nikakataa. Wewe, na uchungu yako yote, haukudanganya mashini juu ya mama yako. Mi nani niiharibu kazi yako?

Lakini siwezi kukuficha, wivu haijaisha. Nikipiga simu Kasaji, Grâce anageuka kule anaita "Mama, ni simu yako!" na ule mama mukwe wako anaitika. Anaitika haraka, kabisa! Inaniuma mpaka ku mifupa.

Nakuahidi: hii wiki nitashika foleni mpaka nipate karte. Na nikiipata, sitakimbilia biro. Nitapanda kwanza treni mpaka Kasaji, nimuombe ule mama anipe Grâce, kwa mudomo yangu, mama kwa mama. Akikubali, Mungu asifiwe. Akikataa, nitalia mbele yake bila haya, halafu nitamusaidia kufua nguo ya mutoto.

Pumzika, mwana wangu wa tumbo.

Mama yako