Gauni Jeupe la Matema

Ikolo, Kyela
9 Juni 2024

Mpendwa kaka Angetile,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Habari za Mwanza? Wifi Asifiwe na mtoto hawajambo? Na ule mguu wako, umepona au bado unakusumbua? Sisi tu wazima, mpunga tumevuna, na Mama ana nguvu zake. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu siku hizi nikizungumza Mama hakai mbali.

Wiki tatu zilizopita Jubilate, yule fundi simu wa Ipinda, aliniwekea kwenye simu filamu ya kutisha ya zamani, isiyo na rangi. Wazungu waliipiga Matema mwaka 1974, kwenye lile jumba la ghorofa lililobomoka. Ni habari za mgeni anayelala katika nyumba yenye mzimu, msichana wa gauni jeupe anayepanda ngazi na taa mkononi. Huku sijapata mtu mwingine aliyewahi kuisikia.

Nilikuwa naiangalia jikoni Mama akapita nyuma yangu. Alisema, "Zima," akatoka, chai akaiacha. Kesho yake memori kadi haikuwamo kwenye simu. Niliikuta ndani ya debe la mchele.

Kaka, hapo ndipo nilipoanza kumshuku mama yetu. Nikaenda kuiangalia tena shambani, kwenye mikakao. Mwanzoni mzimu unaonyesha uso. Ni msichana nisiyemjua, anataka kucheka hata pale anapotakiwa kutisha. Lakini kuelekea mwisho uso hauonekani tena, ni mgongo tu, na bega la kulia limeshuka. Unajua nani anatembea hivyo. Na ni yeye aliyetuambia hajawahi kufika Matema!

Niliwaza mabaya. Labda aliishi na wale Wazungu. Labda tuna ndugu tusiyemjua. Na yule msichana, alipotelea wapi katikati ya filamu?

Jumatano, tukiwa tunaanika kakao, nikamuuliza, "Mama, yule wa mwanzo ni nani?"

Aliendelea kugeuza kakao. "Beatrice. Rafiki yangu wa Lyulilo. Alikufa kwa homa kabla hawajamaliza. Tulilingana kimo, wakaniomba nivae gauni lake."

"Ukakubali?"

"Siku ya tatu baada ya kumzika. Mama yake alikuwa anapita njiani akaniona dirishani. Alipiga ukelele. Wale watu wakauacha humohumo kwenye filamu."

Kaka, ukelele ule nilikuwa nimeshausikia mara tatu, nikidhani wanaigiza.

Nakiri bado sikumwamini. Homa ni neno jepesi kulisema. Mama mwenyewe ndiye aliyetaka twende Lyulilo, tukaenda jana. Tulinagwe, mdogo wake Beatrice, anauza vyungu pale sokoni. Nilimwamkia, na kabla Mama hajafungua mdomo nikamuuliza dada yake alifariki kwa nini.

"Homa," akasema. "Siku nne tu."

Niliona aibu hata nikashindwa kumtazama Mama.

Tulinagwe hakuwa na picha ya dada yake hata moja. Aliishika simu kwa mikono miwili. "Anacheka," akasema. "Meno yake nilikuwa nimeshayasahau." Mama akamwambia kwamba yule wa mwishoni ni yeye, na kwamba sauti ya mama yao imo.

Tulinagwe akavuta kigoda akampa akae. "Basi usiifikishe huko," akaniambia. "Rudisha mwanzo."

Tuliirudisha mara sita. Jubilate ameahidi kuitoa ile sura kwenye karatasi ili tumpelekee.

Ukipiga simu usimwulize Mama lolote, mwache akuambie mwenyewe. Msalimie sana wifi, na umbusu Ezra kwa niaba ya shangazi yake. Baba mdogo Lazaro anakusalimu. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake. Ndaga fijo kwa vitenge, vimefika salama.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Marta