Mama Chanda Amekalia Pikipiki Yangu

Leo ni Jumapili, na mvua imeanza kunyesha tukiwa bado kanisani. Nimerudi nyumbani nimelowa, nimekaa sebuleni, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nimenyoosha miguu yote miwili bila kugonga chuma. Sebule imekuwa kubwa.

Sijaipenda.

Acha nieleze jambo lenyewe lingali moto, maana nikisubiri wiki moja nitaanza kujisifu kwamba nilikubali kwa moyo mweupe.

Hapa Ruashi, Lubumbashi, pikipiki hailali nje. Ukiiacha nje unaamka na kukuta alama ya tairi kwenye vumbi na majirani wakikupa pole. Kwa hiyo kila jioni tunaisukuma ndani, inalala kati ya meza na televisheni, na watoto wanakula chakula cha jioni wakiwa wamebanana na usukani. Nyumba hii nimeijenga mwenyewe, chumba baada ya chumba, na siku ya kukata mlango wa sebule nilimletea fundi mwashi pikipiki apime upana wake. Alidhani natania.

Pikipiki hiyo ni Mjapani. Sisi huku pikipiki, au moto kama tunavyosema mjini, tunaziita kwa makabila yao: kuna Mjapani, kuna Mhindi, kuna Mchina. Mjapani wangu alikuwa mwekundu zamani, sasa ana rangi ya tofali. Nilimpata kabla sijaoa, ndiyo maana mke wangu, Mama Grâce, anamwita mbanda, yaani mke mwenzake. Akiniona natoka na kitambaa cha kufutia ananiuliza kama mbanda ameamka salama. Lakini siku uchungu wa Grâce ulipoanza, na hakuna teksi iliyotaka kuingia kwenye matope yetu, ni huyo mbanda aliyempeleka hospitali, polepole, mume mbele, mke nyuma akimtukana mume kila shimo.

Naomba nikiri jambo moja: si huyo mmoja tu ninayempenda. Nazipenda zote. Ijumaa duka ninalofanyia kazi lilinituma Golf, mtaa wa matajiri, kupeleka mabomba ya maji, nikaona mbele ya villa moja pikipiki kubwa ya Kijerumani inaoshwa kwa sponji laini kama mtoto mchanga. Nilisimama. Mlinzi akaniuliza namtafuta nani. Nikamwambia simtafuti mtu, naangalia tu. Aliniacha, halafu naye akaja kusimama kando yangu, tukaangalia wote wawili mpaka povu likaisha. Wakati wa kurudi nikakutana na Mchina mmoja aliyepakiwa magunia ya makaa mpaka dereva haonekani, anapanda mlima akilia. Nilimpa pole kwa sauti. Pole ya pikipiki, si ya dereva. Mungu anisamehe.

Basi mwezi huu nimenunua Mhindi mpya. Mweusi, taa kali, anawaka kwa kubonyeza kidole. Mama Grâce alikubali kwa sharti moja, na nililipokea mbele ya watoto: siku mpya anaingia sebuleni, wa zamani anatoka.

Mpya aliingia. Wa zamani hakutoka.

Si kwamba wanunuzi hawakuja. Alikuja katekista mmoja, mtu mpole, anatafuta pikipiki ya kuzungukia makanisa madogo ya vijijini. Kabla hajauliza lolote nilimwambia breki ya mbele inafanya kazi siku inapotaka yenyewe. Akaja mama mmoja anayeuza mboga, nikamweleza kwamba gia ya pili huruka ukipanda mlima, na kwamba mvua kubwa ikinyesha taa huzima. Alinishukuru kwa ukweli wangu akaondoka. Kila nililosema lilikuwa kweli. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Mama Grâce alikuwa jikoni akisikiliza.

"Papa ya Grâce," akaniambia, "ile moto unaiuzisha, ao unailinda?"

Nikachukua kitambaa nikaenda kufuta vioo vya pembeni, vyote vya pikipiki zote mbili, ili isionekane nina upendeleo.

Sasa tuje kwenye jana. Pikipiki mpya lazima inyweshwe, sisi tunasema kuarrozé. Majirani huja, unatoa bia na munkoyo wa mahindi, tone la kwanza linamwagwa kwenye tairi, na kila mtu anaipanda kidogo na kusema uongo mzuri juu yake. Nilizitoa zote mbili uani ili sebuleni pawe na nafasi ya viti. Hapo ndipo nilipokosea, kama ni kosa. Watu walikuwa wamemzunguka Mhindi, mimi nagawa vinywaji, nikasikia kicheko nyuma yangu. Kugeuka, namkuta Mama Chanda amekaa juu ya Mjapani, kitenge amekifunga vizuri, mikono yote miwili kwenye usukani.

Mama Chanda ni munungwe wangu. Kiswahili cha vitabu kingesema mtani, lakini neno hilo ni jepesi mno. Mimi ni wa ukoo wa Bena Bowa, watu wa uyoga. Yeye ni wa Bena Mfula, watu wa mvua. Uyoga hauoti bila mvua, kwa hiyo Bena Mfula wanasema sisi ni watumwa wao, nasi tunawajibu kwamba mvua isiyootesha uyoga ni matope tu. Munungwe anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Anaweza kuingia kwako, akaona kitu, akakichukua. Nawe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika umekata bunungwe, na bunungwe ukikatwa hauungwi kwa gundi.

Mama Chanda anaishi Kasenga na analeta samaki wa kukaushwa mjini. Kwa kawaida hushukia sokoni, hafiki kwangu.

"Mutumwa wangu," akaniita, na watu wote wakageuka, "ulinunua ya mupya na haukunijulisha miye? Bon. Basi hii ya zamani njo yangu. Nakatala kushuka."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, kicheko cha meno tu.

"Mama Chanda, karibu munkoyo," nikasema.

"Munkoyo nitakunywa. Moto nitatwala. Ruti, kuya uangalie moto yako!"

Akatokea binti yake Ruti, mwanamke mzima mwenye mabega ya kazi. Yeye hununua samaki kwenye kambi za wavuvi kando ya Luapula na huwafuata kwa baiskeli, na jua likiwa kali nusu ya mzigo huharibika kabla hajafika mjini Kasenga. Hayo alinieleza baadaye. Wakati ule sikuwa nasikiliza. Nilikuwa naangalia mkono wake ukipapasa tangi la mafuta, na hasira ilikuwa inapanda. Nilitaka kusema shuka. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

Vikombe vikashushwa. Watu wa huku wanaujua uso wa mtu anayetaka kukata bunungwe.

Nikamkumbuka mama yangu. Siku tuliyomzika, Mama Chanda alilala mlangoni, akazuia sanduku lisipite mpaka Bena Bowa tulete kuku. Tukaleta kuku. Akasema amekonda kama marehemu. Kisha akamtukana mama yangu kwa wimbo, jinsi alivyokuwa mchoyo wa chumvi, jinsi alivyokuwa akisinzia kanisani, mpaka mimi niliyekuwa sijaweza kulia wala kula nikacheka, na kicheko hicho ndicho kilichofungua machozi. Kisha yeye na ndugu zake wakafanya kazi zote ambazo sisi wafiwa hatukuweza kuzifanya. Nami siku yangu ikifika, nani atalala mlangoni?

Pikipiki moja, au mtu wa kunizika. Hesabu ilikuwa rahisi, moyo ndio uliokuwa mgumu.

Nikajaribu njia yangu ya kawaida.

"Mama, nakuambia ukweli. Breki ya mbele haiko muzuri. Na vitesse ya pili inarukaka mu mupando. Na taa..."

"Ata weye uko na makosa mingi," akasema bila hata kuniangalia, "na bibi yako hajakuuzisha."

Jirani mmoja alimwaga bia yake. Mama Grâce alijifunika uso kwa kitenge. Nami, sijui ilitoka wapi, nikacheka kweli, mpaka nikashika nguzo ya baraza. Ile hasira ilitoka pamoja na kicheko, na nilipomaliza kucheka nikagundua kwamba pikipiki si yangu tena.

Nilibaki na tumaini moja dogo, la aibu. Mjapani huwa hawaki kirahisi kwa mtu yeyote. Asubuhi anataka kubembelezwa: unamfungulia mafuta, unangoja, unampiga kiki nusu, unamsemesha. Nilimwachia Ruti bila kumfundisha. Akapandisha kitenge, akaweka mguu, akapiga mara moja.

Akawaka. Akawaka akaimba kama hajawahi kuugua.

Niliona wivu, siwezi kuficha. Mimi miaka yote nabembeleza, na mgeni anapiga teke moja tu. Lakini Ruti alipotoka nje ya ua na kurudi, uso wake wote ulikuwa wazi kama wa mtu aliyesikia habari njema, na nilijua uso huo. Ni wangu, wa siku ya kwanza. Nikaenda kumwonyesha jinsi ya kuishikilia gia ya pili kwa ncha ya kiatu, na sauti ya kusikiliza kabla ya mnyororo kulegea. Nikampa plagi yangu ya akiba. Alisikiliza vizuri kuliko wanunuzi wote, kwa sababu safari hii sikuwa namtisha.

Leo alfajiri, kabla ya misa, lori la samaki linalorudi Kasenga lilisimama kwenye kona yetu. Walimpandisha Mjapani kati ya mapipa na magodoro, Mama Chanda na Ruti wakakaa mbele. Mimi mwenyewe nilimfunga kamba, kisha nikaikagua kamba, kisha nikaikagua tena mpaka dereva akapiga honi. Nilimpenda yule Mjapani. Naandika hivyo bila haya. Lori lilipokata kona nilitazama vidole vyangu, vilikuwa na oili, na sikutaka kunawa kwenda kanisani.

Mama Grâce alinisubiri mlangoni, na ndipo aliposema.

"Ni miye nilimuita Mama Chanda. Nilijua weye hautauzisha. Na miye siwezi kukamata moto yako kwa nguvu, tutagombana. Ni munungwe tu njo anaweza."

Nikatafuta hasira, sikuiona. Mwanamke huyu ameishi na mbanda wa chuma sebuleni kwake miaka yote ya ndoa, na siku ya kumtoa hakumtupa kwa wauza vyuma. Alimtafutia pa kwenda. Nikamwambia ameniweza. Akasema anajua, na akaenda kupiga deki pale palipokuwa na doa la oili. Doa halikutoka. Naona hakulisugua sana.

Nilikuwa nataka kumalizia hapo, lakini simu imelia sasa hivi, ni Mama Chanda kutoka Kasenga, nyuma yake kelele za watu na injini ninayoifahamu.

"Mutumwa, tulifika muzuri! Bantu bote ba ku Luapula banakuya kuangalia. Ruti alishaipatia jina."

"Jina gani, mama?"

"Jina yako. Musonda. Donc kila asubui tutakuwa tunakupiga teke mpaka uamuke."

Nilimjibu kwa tusi. Lilikuwa tusi dogo, kuhusu mvua na matope, na akaniambia limekosa chumvi kama mboga za marehemu mama yangu. Kwetu mtu akipewa jina lako ni ndugu yako mpaka kaburini, na hakuna aliyewahi kuniambia kama hilo linahusu pikipiki pia. Nadhani linahusu. Nimegeuza uso ili watoto wasinione.

Kisha akasema nije Jumamosi kuangalia kama breki inanitii huko, nile samaki wabichi, na nije na ile mpya ili aione vizuri.

Nitaenda, hilo nimeshaamua. Bunungwe una pande mbili, nami nina haki ya kuchukua kitu kwake, na nimeanza kuufikiria mtumbwi wake. Nina wiki nzima ya kutafuta tusi lenye chumvi.

Kinachonisumbua ni usafiri. Nikienda na Mhindi, nitarudi Lubumbashi na nini?